Dini ilitufaa zamani tu?

Ndugu yangu, umeuliza kama dini ilitufaa zamani na leo imebaki ngazi ya kupandia wanasiasa. Njoo Langoni, hapa Lamu. Habib Swaleh, mwanachuoni wa zamani aliyetoka Ngazija, alisomesha hata watumwa na watoto wao, jambo ambalo wakubwa wa mji hawakulipenda. Msikiti wa Riyadha ulizaliwa na kazi hiyo. Na leo? Katiba ya Kenya ya 2010 inasema hakuna dini ya taifa, lakini Waislamu wakigombania mirathi wanaweza kwenda kwa kadhi, kwa hiyo usiseme zamani tu. Wanasiasa nao, kweli, Maulidi hawakosi: kanzu mpya, mikunjo ya dukani bado inaonekana, na kabla kasida haijaisha washaomba maikrofoni.