Ewe Mwenye Mustang wa Arua, Rangi Weka Kando Kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Arua aliniandikia. Kuna Ford Mustang ya 1967 nyuma ya nyumba ya mzee wa mtaani kwao, imekaa chini ya mwembe tangu yeye hajazaliwa, magurudumu yamezama udongoni, na mzee amekubali kuiuza. Akanitumia picha nyingi, zote za mbele, hata moja ya chini haimo. Swali lake: "Kaka, nipake nyekundu ya kawaida au damu ya mzee?"

Mdogo wangu, rangi ni kitu cha mwisho. Nimeshamwambia hivyo kila aliyeniandikia tangu niweke picha za gari langu, na nitasema tena kabla sijamaliza, maana najua hamsikii.

Kwa wasionijua: mimi ni fundi umeme wa kiwandani hapa Jinja, mtoto wa kambini, ndiyo maana Kiswahili changu bado kinapiga saluti. Gari langu ni Ford Capri 3000 GT ya 1972. Najua wapenzi wa magari ya Kimarekani watasema Capri si gari la misuli, kwamba bila V8, injini ya silinda nane, hakuna misuli. Wacha waseme. Mustang ilipozinduliwa Aprili 1964 na Wamarekani wakaigombania, Ford wakataka mdogo wake kwa soko la Ulaya, na 1969 Capri ikatoka: boneti refu, mkia mfupi, vilevile kama kaka yake. Kwenye 3000 GT wakatia V6 ya lita tatu ndani ya kigari kisichofika hata tani moja na robo. Ukikanyaga mafuta pale barabara ya Kamuli, ubishi wa V8 unaisha.

Nililinunua kwa mama mmoja mjane wa Mpumudde. Marehemu mumewe alilileta nchini likiwa jipya, na baada yake hakuna aliyeligusa isipokuwa kuku. Nasema hivyo bila mzaha: kiti cha nyuma kilikuwa na mayai. Shemeji yangu alipoliona likishushwa kwenye lori alisema mbele ya watu wote, "Huyu amenunua banda la kuku lenye usukani." Jina likabaki. Kila sherehe ya ukoo, "banda linaendeleaje?" Nilikuwa nacheka nao, lakini mtu akikucheka miaka yote hiyo unahesabu, hata kama husemi.

Lakini nilijua nimenunua nini. Tangu 2018 sheria yetu inakataza kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, kwa hiyo usidhani utaagiza lingine Japani au Uingereza hili likikushinda. Yaliyobaki Uganda ndiyo hayo yaliyobaki. Kwa sababu hiyohiyo, kabla hujatoa shilingi, mwombe mzee logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, na ulinganishe namba ya chasi na ile iliyogongwa kwenye gari lenyewe. Kama aliyeandikwa ni marehemu, familia ikae, hati ya mirathi ipatikane, na mwenyekiti wa LC, yaani wa serikali ya mtaa, awepo siku ya kuandikishana. Nimeona watu wakitengeneza gari mpaka linang'aa, halafu mtoto wa marehemu anatokea Dubai na kusema ni lake.

Sasa kutu. Hapa nina kidonda, mtanivumilia.

Wakati ule sikuwa na grenda wala sehemu ya kufanyia kazi, hivyo Capri ilikwenda kwanza kwenye gereji moja Kampala, sitaitaja. Walinipigia simu kila mwisho wa mwezi, na kila simu ilikuwa ya pesa. Gari likarudi Jinja juu ya lori, linang'aa, nikaambiwa "bosi, hii ni mpya kabisa". Mvua za Aprili zilipokolea, rangi ikaota malengelenge chini ya milango. Nikachukua sumaku ya spika mbovu, nikaifunga kitambaa isikwaruze, nikaipitisha kwenye boriti ile ya chini ya mlango, mnapokanyaga mkiingia. Ikashika. Nikaisogeza, ikashika. Nikaisogeza tena, ikadondoka chini. Nikairudisha palepale, ikadondoka. Nikachoma kwa bisibisi: bodifila, ile pasti ya kuzibia mabonde ya bodi, unene wa kidole, na nyuma yake magazeti yaliyosokomezwa ndani, yamelowa maji. Matokeo ya ligi bado yalisomeka.

Mpaka leo nikipita barabara ya gereji ile nageuza uso upande wa pili.

Elewa ubaya wake. Capri na Mustang hazina chasi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba gari, na boriti zile za chini ya milango ndizo zinazoishika isipinde katikati. Ukijaza bodifila pale, umepaka poda mfupa uliovunjika. Siku utakayoliweka jeki, mlango hautafunga.

Nikalivua gari lote tena, safari hii kwangu, chini ya bati nililoliezeka mwenyewe. Ndani ya boneti, pale shokapu za mbele zinapofungwa juu kwa bolti tatu, kutu ilikuwa imekula mpaka ukitazama kwa juu unaona tairi. Hilo ni gonjwa la Capri zote, na ukiletewa Capri uanzie hapo kabla hata hujamsalimia muuzaji.

Vitu vidogo, yaani bawaba, bolti, vishikizo na mikono ya mbele, sikuvipiga brashi ya waya. Nilivitia kwenye molasi. Sisi wa Jinja tuna bahati, kiwanda cha sukari cha Kakira kiko hapa jirani na molasi wafugaji hununua kwa ajili ya ng'ombe. Pipa la plastiki, sehemu moja ya molasi, maji sehemu tisa, zamisha chuma, ondoka. Baada ya wiki mbili au tatu unatoa chuma cheusi, unakimwagia maji kwa nguvu, kutu inateremka kama uji na chini unakuta chuma cha kijivu, safi, hata alama za kiwandani zinasomeka. Haili chuma kizima, inakula kutu tu. Usitie alumini wala kabureta, utalia. Na harufu, jamani! Mwenyekiti wa LC alikuja jioni moja na wazee wawili kuuliza kwa upole kama napika pombe ya waragi. Nikamfunulia pipa. Aliangalia bawaba za milango zilizozama kwenye povu, akaangalia wenzake, akasema, "Huyu mwacheni."

Jambo moja tu kuhusu chuma kilichosafishwa: kikaushe na ukipake praima, ile rangi ya msingi, siku hiyohiyo. Hewa ya ziwa haina huruma. Nililaza vipande vitupu usiku mmoja, asubuhi vilikuwa na unga wa rangi ya chungwa. Na praima iwe ya epoksi, ile ya makopo mawili unayochanganya. Praima ya kawaida hunyonya unyevu, ukadhani umefunika kutu kumbe umeitandikia kitanda.

Kwa kuchomelea, usimpe mtu wa mageti na madirisha. Ni mafundi hodari, Katwe kule Kampala wamo wanaotengeneza chochote utakachowachorea, lakini bati la bodi halifiki milimita moja na welding ya fimbo italitoboa matundu. Tafuta mwenye mashine ya MIG, ile ya waya na gesi, achome nukta moja hapa, nukta nyingine kule mbali, bati lisipate moto likajikunja. Na kabla hajakata boriti ya chini, achomelee mabomba ya muda yakatize uwazi wa mlango, bodi isicheze. Fundi akikwambia hakuna haja ya mabomba, mlipe nauli arudi kwao.

Baada ya hapo ni msasa, vumbi, msasa, na pesa kuisha, na gari kukaa chini ya bati huku ada za shule zikilipwa. Sina la kusimulia hapo.

Injini nitapita haraka kwa sababu ya kwako ni nyingine. V6 yangu wapenzi wake huiita Essex. Ina gia moja ya taimingi ambayo meno yake si ya chuma bali ya nyuzi zilizogandishwa, na ikizeeka meno hukatika bila kukuaga. Niliitupa nikaweka ya chuma. Ajabu ni kwamba injini hiyo Afrika Kusini waliendelea kuitumia kwenye Cortina na Sierra miaka mingi baada ya Ulaya kuiacha, kwa hiyo spea zangu nyingi zilitoka huko, na nyingine Nairobi, barabara ya Kirinyaga, kwa wazee wanaojua namba za spea kwa kichwa. Soko la Kisekka kule Kampala walinisaidia kwa bearingi, sili na mipira, vitu ambavyo havina kabila. Halafu kuna suala la petroli: injini za zamani zilitegemea risasi iliyokuwa ndani ya petroli kulinda viti vya valvu, pale valvu zinapokalia zikifunga, na petroli hiyo iliondolewa kwetu huku kufikia 2006. Kama kichwa cha injini yako hakijawahi kuguswa, peleka wakuwekee viti vigumu vya valvu za egzosi. Ni kazi ya mara moja.

Siku niliyolitoa barabarani nilikwenda kujaza mafuta na mzee mmoja kwenye foleni akashuka garini mwake. Hakuuliza bei wala kasi. Aliweka mkono juu ya boneti akaanza kunitajia Safari Rally: kwamba 1972 Hannu Mikkola aliichukua kwa Ford Escort, kwamba mwaka uliofuata akaichukua Shekhar Mehta kwa Datsun 240Z, na Mehta ni mzaliwa wa hapahapa Uganda, familia yake iliyofukuzwa na Amin pamoja na Waasia wengine, kisha akairudia kuishinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Alikuwa anayasema hayo huku mhudumu wa pampu anamsubiri na magari yanapiga honi. Nami nikasimama, nikamsikiliza mpaka mwisho.

Na shemeji? Mwaka huu binti yake ana kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Alinipigia kwa sauti laini, "Shemeji, ile Capri yako ingempendeza bwana harusi." Nikamwambia kuku wanaatamia, tuwasubiri watotoe. Mama watoto amenikasirikia na anasema nitalipeleka tu. Huenda nikalipeleka. Lakini aombe tena.

Mnaona, vijana, ndiyo maana nawafokea kuhusu rangi. Mnataka picha ya mwisho kabla ya kazi ya kwanza. Mmeizoea pesa ya kubeti, leo unaweka, kesho umeshinda au umeliwa, na mnadhani chuma nacho kinakwenda hivyo. Hakiendi. Kaa na gari. Chafuka. Jifunze kushika grenda mwenyewe hata kama una pesa ya fundi, maana fundi akijua hujui, atakusokomezea magazeti ndani ya boriti. Usilivue gari lote kwa hamasa ya wiki moja, ukaacha bolti kwenye makopo ya rangi bila majina. Vua upande mmoja, tengeneza, rudisha, nenda mwingine. Kila mfuko wa bolti uandike umetoka wapi. Piga picha kabla ya kulegeza chochote. Na rangi mwisho!

Sasa wewe wa Arua, kuhusu hiyo yako. Mustang za miaka hiyo zina ugonjwa mmoja uliojificha: chini ya kioo cha mbele kuna matundu ya kuingiza hewa, na ndani yake bati huoza mahali usipopaona. Chukua jagi la maji, mimina pale taratibu, mwenzako akae ndani na tochi miguuni. Maji yakidondokea sakafuni, jua kuna kazi kubwa ya kukata na kuchomelea, na bei ya mzee ishuke. Kisha fungua buti: paa la tanki la mafuta ndilo sakafu ya buti, kwa hiyo kutu hapo si ya kupuliza praima na kusahau. Pitisha sumaku kila mahali, chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, kote.

Kuhusu spea, una nafuu kuliko mimi. Mustang inapendwa mno kiasi kwamba leo Marekani wanatengeneza milango mipya, sakafu mpya, hata bodi nzima mpya. Kitakachokuumiza ni usafiri na ushuru, kwa hiyo kwanza orodhesha kila kilichooza, kisha uagize kwa pamoja. Na usiogope kwamba gari hilo halifai kwa barabara zetu: Mkenya Ian Duncan alishinda East African Safari Classic, mbio za magari ya zamani, ya 2009 akiendesha Mustang.

Anza na breki kabla ya injini, maana watu wote huanza na injini, ikawaka, wakafurahi, wakaishia kwenye mfereji. Yako ni ya 1967, na ndio mwaka Mustang zilipoanza kuja na silinda kuu ya breki yenye njia mbili, moja ikivuja nyingine inashika. Chungulia ndani ya boneti uhakikishe hakuna aliyeibadilisha. Mirija ya mpira usiiamini hata kama inaonekana nzima, kwa ndani huwa imevimba na kuziba. Mafuta ya breki nunua chupa iliyofungwa, hayo hunyonya unyevu hewani na kuozesha silinda kwa ndani. Kwangu nilitupa vyote, silinda, mirija, hadi pedi zilizoonekana nzuri, na hata mama watoto hakuniuliza zimegharimu kiasi gani.