Kitenge cha machungwa kwenye udongo wa Lubumbashi

Ilikuwa ndoa ya kiangazi kule Katuba, mtaa wa Lubumbashi. Familia ilikubaliana vitenge vya kijani, lakini siku yenyewe mashangazi wakatokea na rangi ya machungwa. Wiki moja baadaye mama mkubwa wa bibi harusi akanijia: "Mutoto yangu, geuza tu ile rangi kwenye video, si uko na mashini?"

Nikafungua DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, lile toleo la bure. Nikachukua pipeti, kile kifaa cha kuchagua rangi, nikagusa kitenge, nikazungusha rangi mpaka kijani. Barabara ikawa kijani. Ukuta wa matofali, kijani. Nyuso za mashangazi, usiulize.

Programu haijui kitenge ni nini. Inaangalia mambo matatu: rangi ni ya aina gani, imekolea kiasi gani, ina mwangaza kiasi gani. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, iko upande wa machungwa na wekundu, na udongo wetu uko hapohapo. Kwa hiyo usihangaike na aina ya rangi, shika ukolevu. Kitenge kipya kimekolea kuliko vumbi: pandisha kikomo cha chini cha ukolevu mpaka barabara itoke kwenye ulichochagua. Bonyeza Shift+H, na kila ambacho hukukichagua kitageuka kijivu. Mimi nafanya kazi nikiwa hapo muda wote.

Nyuso zilizobaki nilizitoa kwa maski: unaichora kuzunguka nguo, kisha programu inaifuata ikisogea. Watu waliokaa, dakika chache. Waliocheza, usiku mzima, maana kila mkono ukipita mbele ya nguo maski inapotea na unairekebisha mwenyewe.

Kingo zitakuwa na vijino. Video nyingi za simu huhifadhi rangi kwa uchache, kipimo kimoja kwa pikseli nne, basi lainisha kingo kidogo tu. Ukizidisha, kijani kinavuja.

Na mtu akitaka shela nyeupe iwe ya buluu, mwambie hapana kwa njia hii. Nyeupe haina rangi ya kuzungusha.

Kipande ambacho vumbi la densi liliruka mbele ya vitenge kilinishinda, nikakikata. Mama mkubwa hakukiulizia. Aliuliza kwa nini bangili yake ya shaba imekuwa kijani, kama iliyolala mvuani.