Folda inanikatalia, na kompyuta ni yangu!

SWALI: Nimetoa diski kwenye kompyuta yangu ya zamani nikaifunga kwenye mpya, yenye Windows 11. Picha nazifungua bila shida, lakini nikitaka kuhifadhi kitu humo naambiwa sina ruhusa. Akaunti yangu ni ya msimamizi, na jina ni lile lile. Alama ya "Read-only" nikiiondoa, inarudi. Nifanyeje?

JIBU: Hiyo "Read-only" achana nayo. Windows haiitumii kuzuia watu kuandika ndani ya folda, na kuhangaika nayo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Mchawi wako ni mwingine. Bofya kulia kwenye folda, ingia "Properties", kisha "Security", halafu "Advanced". Juu kabisa soma mstari wa "Owner". Nadhani utakuta S-1-5-21 ikifuatwa na msururu wa tarakimu. Huyo ni wewe wa zamani! Windows humtambua mtu kwa namba hiyo, wala si kwa jina, na kompyuta mpya imekupa namba nyingine.

Bofya "Change", andika jina la akaunti yako, weka tiki kwenye "Replace owner on subcontainers and objects", kisha "Apply". Wengi huishia hapo, halafu wanalalamika. Umiliki unakupa mamlaka ya kugawa ruhusa tu. Ruhusa yenyewe bado hujajipa. Basi funga madirisha yote, rudi "Security", bofya "Edit", kisha "Add", jiongeze na ujipe "Modify". Inatosha kuandika, kubadilisha na kufuta.

Hapatakosa fundi wa kukushauri umpe "Everyone" ruhusa zote, yaishe. Yataisha kweli, ila kila anayeingia kwenye kompyuta hiyo ataweza kukufutia picha. Na tafadhali, mambo haya yafanye kwenye folda zako tu. Folda ya Windows na ile ya Program Files usiziguse. Zimefungwa kwa makusudi.

Ikiwa baada ya hapo Notepad inahifadhi vizuri ila programu yako ya kuhariri picha bado inakataliwa, ruhusa hazina kosa. Fungua Windows Security, tafuta "Controlled folder access". Kama imewashwa, usiizime, maana inakinga faili zako dhidi ya virusi vya kudai fidia. Iongeze programu hiyo kwenye orodha ya zilizoruhusiwa, kisha ujaribu tena.