Shwari ya Kilwa, shwari ya Majengo

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni neno gani la pwani ambalo sisi wa bara tunalitumia vibaya. Langu ni shwari, na nina ugomvi nalo tangu utotoni.

Mama alinituma kupeleka suruali kwa fundi cherehani mmoja pale Majengo, mzee wa Kilwa aliyekuwa baharia kabla ya kuja Dodoma kushona. Nikamwamkia shikamoo, kisha nikaongeza kwa madaha, "Hali shwari, babu?" Akatoa mguu kwenye kanyagio. Gurudumu likaendelea kuzunguka lenyewe, polepole, hadi likasimama. Ndipo akasema, "Umeona? Hiyo ndiyo shwari."

Nikasimuliwa, nimesimama na suruali mkononi. Jahazi lao, lisilo na injini, lilikwama kati ya Mafia na Kilwa wakati wa maleleji, kaskazi imekwisha na kusi haijaingia. Tanga likaning'inia kama kanga kwenye kamba, hadi nahodha akaamuru litue. Maji yametuama, mtu anajiona sura. Pipa la maji ya kunywa wakaanza kulipimia kwa kikombe. Siku ya tatu hakuna aliyemsemesha mwenzake. "Sasa wewe mjukuu wangu unaniombea hiyo?" (Suruali niliifuata Jumamosi, zipu imekaa upande.)

Basi miaka mingi nikawa kero kwenye daladala, nasahihisha kila anayejibu shwari. Lakini ninavyoandika haya, nalegea. Baharia alihitaji upepo. Sisi upepo wa Agosti unatutilia vumbi hadi kwenye mlenda. Mji wenyewe, kwa wanavyosimulia Wagogo, umepata jina kwa tembo aliyedidimia topeni, idodomya. Bahari iko zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Upepo ukikatika jioni, tuna haki ya kuiita hali hiyo njema. Isipokuwa akina mama wanaopeta uwele: nimewaona wakisimama na ungo hewani, wakiungoja upepo urudi, na hao hawakuwa na furaha yoyote.

Kwa hiyo labda hatulitumii vibaya. Au siku nyingine tunalisema sawasawa bila kujua. Juzi nilimuuliza jirani yangu wa mitumba, biashara vipi?

"Shwari tu, kaka."

Nguo zote zilikuwa zimening'inia palepale tangu asubuhi. Sikumsahihisha.