Jibu: Huey Long, kutoka tume ya reli na simu hadi ugavana

Salaam ndugu. Umekwama kwa sababu huoni mwanasiasa Huey Long alivyotoka tume ya kusimamia reli na simu hadi kuwa gavana wa jimbo la Louisiana, Marekani, ukidhani kwenye tume aliteuliwa na wakubwa. Anzia hapo: kamishna wa tume hiyo ya Louisiana huchaguliwa kwa kura. Mimi mwenyewe kosa hilo lilinipotezea jioni nzima.

Long alishinda kiti mwaka 1918, akiwa na miaka 25. Kisha soma kesi ya kampuni ya simu ya Cumberland iliyopandisha bei. Aliipigania hadi Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1922, na wateja wakarudishiwa fedha zao. Kwangu hiyo ndiyo ngazi yenyewe. Mtu wa kijijini aliyerudishiwa pesa mkononi hamsahau aliyempigania!

Hata hivyo hakupita mara ya kwanza. Mwaka 1924 aliambulia nafasi ya tatu, ugavana akaupata 1928.

Ukimaliza, mtazame pia Kathleen Blanco: kamishna wa tume hiyohiyo, kisha naibu gavana, na Januari 2004 akaapishwa kuwa gavana, mwanamke wa kwanza Louisiana.