Mbwa Anatapika, Nimpe Dawa Yangu ya Asidi?

Swali: Mbwa wangu kila asubuhi anatapika povu la njano. Nina omeprazole zangu za miligramu 20, nimpe?

Dawa ni hiyohiyo, madokta wa mifugo wanaitumia sana, ila subiri kwanza. Hiyo njano ni nyongo, na mbwa anayetapika alfajiri tu afu mchana yuko fiti mara nyingi ni tumbo limekaa tupu muda mrefu, umemlisha saa kumi na mbili jioni basi mpaka kesho. Mwongezee chakula kidogo usiku kabla hujalala, siku tatu nne hivi, unaweza ukakuta dawa huihitaji kabisa.

Swali: Daktari kanikubalia nimpe. Kiasi gani?

Kawaida ni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, mara 2 kwa siku, nusu saa kabla ya kula. Kwa hiyo kapsuli ya 20 ni ya mbwa wa kilo 20, kale kadogo ka kilo 5 utakuwa umekapa dozi mara nne. Na usikadirie kwa macho jamani, panda mzani umembeba, afu panda mwenyewe, utoe. Mimi wangu nilikuwa naapa ana kilo 30, mzani ukasema 22! Kapsuli ukiifungua utaona vichembe vyeupe kama ulezi, vina ganda la kuvilinda na asidi ya tumbo, usivisage. Ifiche nzima kwenye katonge ka ugali na umwangalie mpaka ameze, wengine wajanja wanakula ugali dawa wanaitema. Usitegemee nafuu kamili siku ya kwanza, na akishatumia wiki 3 au 4 usikate ghafla, daktari atakupangia namna ya kupunguza.

Swali: Famotidine je, ile dawa nyingine ya asidi?

Inawahi kufanya kazi, miligramu 0.5 mpaka 1 kwa kilo, ila ukimpa kila siku mwili unaizoea nguvu inashuka. Mwenye figo mbovu dozi inapunguzwa.

Swali: Na zile za maji, au za unga zinazotoa povu?

Za unga hapana, chumvi nyingi na gesi juu. Za maji soma kibandiko, ukikuta zailitoli (xylitol) weka chini, huo utamu ni sumu kwa mbwa.

Swali: Alikuwa anachechemea nikampa diklofenaki, sasa anatapika kitu kama machicha ya kahawa. Omeprazole itatosha?

Haitoshi, hiyo ni damu. Diklofenaki na brufeni zinamtia mbwa vidonda tumboni na kuua figo. Usimwongezee diklofenaki hata nusu kidonge, mpeleke leo leo na pakiti uibebe.

Swali: Wangu mkubwa anajikamua kutapika hakitoki kitu, tumbo limevimba kama ngoma.

Usimpe chochote mdomoni. Tafuta gari sasa hivi, tumbo linaweza kuwa limejisokota na hapo ni upasuaji, huku njiani mpigie daktari ajiandae.