"Ndivyo nilivyolelewa": je, ni udhuru mbele ya Allah?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Marehemu baba yangu alikuwa mkali mno. Alitupiga kwa hasira, na sikumbuki hata siku moja amemwomba mtu radhi. Niliapa sitakuwa hivyo. Leo nina watoto watatu na najiona nafanya yale yale: mkono unanyanyuka kabla sijafikiri, na kumwomba mke wangu radhi naona kama najivua uanaume. Rafiki yangu ananiambia nisijitese, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hata fikihi inasema ada ni hakimu. Tena ananikumbusha kuwa mwacha mila ni mtumwa. Je, nina dhambi? Na nikiiacha njia ya baba, si kumvunjia heshima?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Ndugu yetu, swali lako limetugusa, na maneno ya rafiki yako yametutia wasiwasi zaidi, kwa kuwa wengi wanayasema na wanayavisha nguo ya dini.

Muawiya bin al-Hakam as-Sulami (radhi za Allah ziwe juu yake) alikuwa mgeni katika Uislamu. Alimweleza Mtume (rehema na amani za Allah ziwe juu yake) kuhusu mambo ya watu wake, likiwemo hili: wako wanaoamini mkosi wa ndege. Mtume akamjibu: "Hicho ni kitu wanachokikuta vifuani mwao, basi kisiwazuie." Imo katika Sahihi Muslim. Hakumlaumu mtu kwa kile alichokikuta kifuani, kwa sababu kimewekwa na makuzi. Alichokataza ni kukifuata. Hukumu ya swali lako imo humo: joto linalokupanda mtoto akimwaga kitu, na uzito wa ulimi unapotaka kusema "nisamehe", si dhambi. Kofi ulilopiga kwa hasira ni dhambi, na juu yake kuna haki ya mja, yaani ya yule uliyempiga.

Sasa tumrudie rafiki yako. Methali yake ni ya kweli, ila ameielekeza kusiko. Anayeambiwa "umleavyo" ni mlezi, na mlezi wa leo ni wewe. Watoto watatu wanajifunza kwako namna mtu mzima anavyokasirika. Mtume naye amesema kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani umbile safi la asili, kisha wazazi wake ndio humgeuza. Kumbe malezi huja baada ya fitra. Ukali huu si asili yako, umepakwa juu ya asili. Kalamu ya kuandika dhambi imenyanyuliwa kwa watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili. Mwenye mazoea hakutajwa.

Kuhusu kanuni ya al-'aadatu muhakkamah, yaani hiyo "ada ni hakimu", hapa lazima tuseme wazi: huku ni kuichezea elimu. Ni katika kanuni kuu tano za fikihi, na kazi yake ni pale sharia haikuweka kipimo maalumu, kama kiasi cha nafaqa, yaani matumizi ya mke na watoto. Hind bint Utba alipolalamika kuwa mumewe hampi ya kutosha, aliambiwa achukue kinachomtosha yeye na mwanawe kwa wema, yaani kwa kadiri inayojulikana na watu. Wanazuoni wameweka masharti: ada isigongane na nassi, yaani aya au Hadithi, iwe imeenea kwa watu, na iwepo wakati wa muamala wenyewe. Hasira ya nyumba moja haijaenea, na inagongana na nassi. Imeanguka kwenye masharti mawili kati ya matatu.

Na huyo mtumwa wa "mwacha mila ni mtumwa" ni nani? Walioambiwa wafuate aliyoyateremsha Allah walijibu kuwa watafuata waliyowakuta nayo baba zao, wakaulizwa: hata kama baba zao walikuwa hawafahamu kitu wala hawakuongoka? (Al-Baqara, 170).

Rafiki yako atakuambia pia kuwa mtu habadiliki. Abu Mas'ud al-Ansari alikuwa akimchapa kijana, mtumwa wake, kwa mjeledi, akasikia nyuma yake: "Jua, Abu Mas'ud!" Hasira ilikuwa imemziba hata hakuitambua sauti, kumbe ni ya Mtume. Mjeledi ukaanguka mkononi mwake. Akaambiwa Allah ana uwezo zaidi juu yako kuliko wewe juu ya kijana huyu. Akasema hatampiga tena mtumwa baada ya hapo.

Wewe anza mapema kuliko unavyodhani. Makosa ya wengi ni kungoja hasira ifike kichwani ndipo watafute subira. Ijue saa yako: huenda ni unaporudi umechoka, au una njaa. Hasira ikianza, sema A'udhu biLlahi minash shaytwanir rajim. Kama umesimama, kaa; isipoondoka, jilaze. Ndivyo alivyopokea Abu Dharr kwa Mtume, na faida yake inaonekana: aliyelala mkono wake haufiki mbali. Nyamaza. Udhu ni mzuri, ingawa Hadithi yake ina maneno katika isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi wake. Wala usitoe adhabu yoyote saa hiyo. Kadhi amekatazwa kuhukumu baina ya wawili akiwa na hasira. Seuze baba, ambaye nyumbani ni mshitaki, kadhi na mtekelezaji kwa pamoja?

Ukiteleza, tubu: acha, juta, azimia usirudie, kisha uombe radhi uliyemdhulumu. Sharti hili la nne ndilo linalokukwamisha. Mwite mtoto, kaa uwe sawa na macho yake, litaje kosa kwa jina lake: "Nilikupiga kwa hasira, nimekosea, nisamehe." Usiongeze "lakini na wewe". Zawadi haishiki nafasi ya maneno hayo. Kwa mkeo vivyo hivyo, siku hiyo hiyo, kabla hujalala. Mara ya kwanza sauti itakukauka. Sema hivyo hivyo.

Ama baba yako, kuacha ukali wake si kumuasi. Allah amesema tusiwatii wazazi wakituamuru shirki, na papo hapo akaamuru tukae nao kwa wema (Luqman, 15). Kumheshimu mzazi na kumfuata ni mambo mawili. Muombee. Na liko la kumfaa zaidi: alikufa bila kuwaomba radhi, maana yake ana deni kwenu. Kaa na ndugu zako, na mama kama yu hai, mwambie kila mmoja amsamehe kwa hiari yake bila kulazimishwa. Kisha umsamehe wewe, kwa kuwa haki hiyo ni yako.

Wallahu a'lam.